Maswali ya wapangaji: "Nyumba imeshachukuliwa" na mengineyo

Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko nafasi, kwa hiyo wengine nimewajibu kwa mstari mmoja na msinune. Sheria ninayoizungumzia ni ile ile ya Marekani ya 1968 inayokataza ubaguzi katika nyumba, Fair Housing Act. Mambo saba ambayo mtu hawezi kunyimwa nyumba kwa sababu yake mnayajua: mbari, rangi, dini, nchi ya asili, jinsia, ulemavu, na kuwa na watoto wa chini ya miaka 18. Ambaye bado hayajui ayaandike nyuma ya mlango wa friji.

Tuna watoto wanne. Tulipenda nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, ghorofa ya tatu. Mwenye nyumba akasema, kwa upole sana, kwamba haifai watoto, wanaweza kuanguka kwenye roshani. Tumshukuru au tumshtaki?
*Baba wa wanne, Louisville*

Upole wake weka kando. Anayeamua kama mtoto atacheza karibu na roshani ni wewe na mama yao. Kazi ya mwenye nyumba ni kukaza vyuma vya hiyo roshani, si kukulelea wanao. Kifungu cha watoto kiliingizwa kwenye sheria mwaka 1988 kwa sababu ya maneno kama hayo hayo: "haifai watoto", "majirani wanapenda utulivu", "tuna nyumba nzuri zaidi kule nyuma". Waliosamehewa ni wenye majengo ya wazee yaliyotimiza masharti, na baadhi ya wenye nyumba wadogo nitakaowataja chini.

Sasa hesabu. Ninyi ni sita katika vyumba vitatu, wawili kwa chumba. Hicho ndicho kipimo ambacho wizara ya nyumba, HUD, imekiona cha kawaida tangu 1998. Ni mwongozo tu: ukubwa wa vyumba unaangaliwa, umri wa watoto unaangaliwa, na kanuni za mji zinaangaliwa. Wewe umo ndani ya mstari, kwa hiyo andika malalamiko. Lakini wale mnaotaka kuingia tisa kwenye vyumba viwili kisha mniandikie kwamba mmebaguliwa, hapo sitawadanganya, kesi yenu ni ngumu.

Je, sheria hii inamlinda mtu asiye na makaratasi?
*Nisitajwe*

Ndiyo. Na mwenye nyumba anayekutishia "nitawaita uhamiaji" kwa sababu umelalamikia ubaguzi anajiongezea kosa la pili, maana kumtisha mtu anayedai haki hii nako kumekatazwa. Ila zungumza na wakili kwanza kabla ya kujaza fomu yoyote ya serikali, siyo baada.

Nimechelewesha kodi miezi miwili, sasa nimeletewa karatasi ya mahakama. Huu si ubaguzi kwa sababu mimi ni Mwafrika?
*Mpangaji, Dallas*

Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Kudaiwa kodi si ubaguzi. Ingekuwa ubaguzi kama jirani yako wa asili nyingine naye anadaiwa miezi miwili, akapewa muda, wewe ukaletewa karatasi. Una ushahidi huo? Kama huna, acha kunitafuta mimi na nenda mahakamani siku iliyoandikwa. Wengi wetu hatutolewi kwa sababu hakimu ametusikiliza akatukatalia. Tunatolewa kwa sababu jina liliitwa na hakuna aliyeitikia.

Nimekataliwa kwa sababu nina vocha ya Section 8. Si haki!
*Mama wa Chicago*

Sheria ya taifa haisemi lolote kuhusu vocha hiyo, yaani msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba. Bahati yako uko Illinois: tangu Januari 2023 sheria ya jimbo inakataza kumkataa mpangaji kwa sababu ya chanzo cha fedha zake, vocha ikiwamo. Wa majimbo mengine ulizeni kwenu, msinukuu barua ya mama huyu.

Nilipiga simu, nikaambiwa nyumba ipo. Nikafika, nikaambiwa imeshachukuliwa. Wiki ya pili bango bado liko dirishani. Nitathibitisha vipi?
*Kijana, Columbus*

Hii ndiyo barua niliyokuwa naingoja.

Kwanza daftari. Niliwahi kumtafsiria mama mmoja wa Uvira aliyekuja na daftari la shule la mwanawe, ukurasa mmoja wa hesabu za kuzidisha, ukurasa wa pili ameandika: Jumanne, saa nne na robo asubuhi, mwanamume mwenye shati la bluu, amesema "it's gone", bango bado liko. Chini yake namba ya rekodi ya simu yake ya asubuhi hiyo. Mwanasheria alilisoma lile daftari mara mbili bila kuinua kichwa. Wengine tunakuja na hasira tu, na hasira haina tarehe.

Pili, yapo mashirika ya haki za makazi katika miji mingi yanayotuma wapimaji: mtu mweusi na mtu mweupe, kipato sawa, maswali sawa, kila mmoja aende peke yake kisha majibu yalinganishwe. Kesi maarufu ilitoka Virginia. Sylvia Coleman, mpimaji mweusi, aliambiwa hakuna nyumba. Mwenzake mweupe akaambiwa zipo. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema Coleman ana haki ya kushtaki ingawa hakuwa na nia ya kuhamia pale, kwa sababu kudanganywa kwenyewe ni kosa. Usimtume shemeji yako akajaribu kienyeji. Wapigie wenye kazi hiyo, na mapema: una mwaka mmoja kulalamika HUD, miaka miwili kwenda mahakamani. Bango litaondolewa kesho.

Nina nyumba yangu, naishi humo na napangisha vyumba viwili. Nikiandika kwenye grupu la WhatsApp "Wakenya tu, Wakristo tu", nani atajali?
*Mwenye nyumba, Atlanta*

Mimi nitajali. Kweli, anayeishi kwenye jengo la nyumba zisizozidi nne amepewa msamaha katika sehemu kubwa ya sheria. Lakini msamaha huo haufiki kwenye tangazo. "Wakenya tu" ni nchi ya asili, "Wakristo tu" ni dini, na WhatsApp ni maandishi. Kwa upande wa mbari, ipo sheria ya zamani zaidi, ya 1866, isiyo na msamaha huo kabisa. Mahakama Kuu iliifufua Juni 1968.

Na nikuambie usichoniuliza. Nimeona kwenye magrupu yetu "kabila fulani msipige", na "Wakongo hapana, wana watoto wengi". Watu hao hao Jumapili wanalia kanisani kwamba Mzungu amewanyima nyumba.

Mume wangu alipata kiharusi, hawezi ngazi. Tumeomba nyumba ya chini iliyo wazi, tumeambiwa tusubiri zamu.

Andika barua, taja ulemavu, ambatisha ya daktari, baki na nakala. Hili ni ombi la marekebisho kwa mlemavu na lazima walizingatie. Ombi la mdomo nalo linahesabika kisheria, lakini maneno ya kwenye korido ni vigumu kuyathibitisha.

Chama chetu ni cha kusaidiana misiba na harusi. Kwa nini unataka tuingie siasa za nyumba?
*Katibu*

Kwa sababu katika kikao cha baraza la mji wanaohesabiwa ni walioko ukumbini, Katibu, na sisi tuko kwenye ukumbi wa harusi.

Tazama mji wa Milwaukee, Wisconsin. Mwaka 1962 Vel Phillips, mwanamke pekee na mweusi pekee barazani, alipeleka hoja ya kuzuia ubaguzi wa nyumba. Kura ya ndiyo ilikuwa yake peke yake. Akarudia, mara nne kwa jumla, na kila mara ikaanguka. Kisha vijana wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, pamoja na padri James Groppi wakaanza kuandamana tarehe 28 Agosti 1967, wakivuka daraja la mtaa wa 16 kuelekea upande wa kusini, ambako maelfu waliwapokea kwa mawe na matusi. Walirudi kesho yake. Waliandamana usiku 200 mfululizo, na huko baridi ya Januari hupasua midomo. Sheria ya taifa ilitiwa saini tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, na mwisho wa mwezi huo baraza lile lile la Milwaukee likapitisha sheria yake, kali kuliko ya taifa.

Sikuombi usiku 200. Nakuomba watu kumi, jioni moja kwa mwezi, wenye tisheti za chama chenu zilizobaki za harusi ya mwaka jana.

Fomu ya malalamiko ya HUD ni dola ngapi? Kuna ndugu anatutoza 150.
*Mama Portland*

Ni bure. Huyo ndugu mdaini risiti.