Fundi wa maabara tumwandike wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu. Timu yetu inajiandaa kwa iGEM, mashindano ya baiolojia sanisi, yaani kuwapa viumbe hai kazi mpya kwa kupanga DNA yao. Tunatengeneza bakteria wanaotoa rangi ya bluu wakikuta madini ya floridi kwenye maji, kwa sababu wenzetu wawili kwao ni Meru, Arusha, ambako watoto wengi wanaota meno ya kahawia. Sasa tumefika kwenye ukurasa wa tovuti yetu wa kueleza nani kafanya nini na tumegombana. Mkuu wetu mmoja, ambaye maabara hakanyagi, anataka jina lake litangulie. Fundi wa maabara aliyetushika mkono tangu mwanzo, baadhi yetu wanasema anatosha kwenye mstari wa shukrani. Yupo pia mwenzetu aliyebuni kipande chetu cha DNA, kisha akaacha chuo kwa kukosa ada. Na kina mama waliotugawia maji ya visima vyao. Tufanyeje?
– Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na fundi, maana yeye ndiye aliyenifanya niitangulize barua yako. Nimefanya kazi maabara miaka mingi, nikipika agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, na kusubiri otoklevu, chungu cha mvuke cha kuua vijidudu, ipoe ili wanafunzi wakute vyombo safi asubuhi. Ile sentensi ya "tunawashukuru wafanyakazi wote wa maabara" naijua vizuri. Haimtaji mtu yeyote.

Andikeni jina lake kamili, na mbele ya jina andikeni kazi aliyoifanya. Kama ndiye aliyewafundisha kuingiza plasmidi, yaani duara dogo la DNA, ndani ya bakteria wa E. coli kwa kuwapasha ghafla hadi nyuzi 42, andikeni hivyo. Kama ndiye aliyekuja Jumamosi kuwafungulia mlango, au aliyebaini kuwa antibiotiki yenu, dawa ya kuua bakteria wasiobeba plasmidi, imekufa ndiyo maana kila sahani ilijaa koloni za bakteria, liandikeni hilo pia. Kazi iliyotajwa kwa kitenzi chake haipotei.

Kisa cha Erasto Mpemba mnakijua. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, akaona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa kwenye friza ukiwa wa moto unaganda kabla ya uliopoa. Alichekwa darasani. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 makala yao ilitoka kwenye jarida la Physics Education, jina la Mpemba likitangulia la mhadhiri. Hapo Osborne alitenda haki, nami namheshimu kwa hilo. Lakini aliyepewa kulijaribu jambo lile kwenye maabara ya chuo alikuwa fundi, na katika simulizi ya Osborne anabaki "fundi kijana". Mikono iliyopima maji yale ilikuwa yake. Kila nikisoma kisa hiki natamani kumjua.

Kuhusu mashindano yenyewe, msiuchukulie ukurasa huu kama adabu ya kufungia kazi. iGEM ilianza kama kozi ya mwezi Januari pale chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2003. Leo timu hukutana Paris. Majaji wanataka kutofautisha kazi ya wanafunzi na kazi ya watu wengine, na bila maelezo hayo hata medali ya shaba hampati. Kwa hiyo kumtaja fundi hakuwapunguzii kitu. Mkimficha, jaji akiwauliza kwa nini mlichagua joto lile au muda ule, mtababaika, na atashuku hata yale mliyoyafanya wenyewe.

Jambo ambalo hukuliuliza: vipande vya DNA mlivyovikuta tayari navyo vina wenyewe. Kama bluu yenu ni ile ya protini amilCP, namba BBa_K592009, basi iliingizwa kwenye rejesta ya vipande vya DNA ya iGEM na timu ya wanafunzi wa Uppsala, Sweden, mwaka 2011, na asili yake ni tumbawe la baharini, Acropora millepora. Wale walikuwa wanafunzi kama ninyi. Watajeni kwa namba, mwaka na chuo.

Sasa mkuu. Ukurasa huo hupangwa kwa kazi, haupangwi kwa vyeo, hivyo msigombane naye juu ya nafasi. Tengenezeni jedwali, jina upande mmoja na kazi upande wa pili, mumpelekee kwa heshima na kumuuliza: "Daktari, mbele ya jina lako tuandike kazi gani?" Huenda ndiye aliyetia saini mpate chumba, au aliyetafuta ada ya kujisajili. Hiyo ni kazi, na iandikwe ilivyo. Kama hakuna cha kuandika, jedwali litamwonyesha bila ninyi kusema neno. Siku mkitaka kuchapisha makala kwenye jarida la kisayansi, mtakutana na kanuni za ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambazo majarida mengi ya tiba huzifuata: kusimamia kwa jumla au kutafuta fedha peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwandishi. Muonyesheni kanuni hiyo mapema, kabla rasimu haijaanza.

Kina mama wa Meru wanataka uangalifu zaidi, na hapa sitaki mharakishe. Msiandike jina la mtu aliyewapa maji bila kumuuliza. Kisima kikitajwa kuwa kina floridi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, majirani watamwangalia vipi mwenye kisima? Rudini kwanza mkawaeleze mlichokiona, na mseme wazi kuwa rangi ya bakteria wenu bado ni jaribio, si kipimo cha serikali. Kisha kila mmoja aulizwe peke yake kama anataka kutajwa. Anayekataa mwandikeni kama mkazi aliyewaonyesha maji ya kunywa na ya kupikia, kwa sababu bila maelezo hayo msingejua mchote wapi.

Huyo mwenzenu aliyeacha chuo ni mwanatimu. Ada haifuti mchango. Fungueni madaftari ya maabara, tafuteni kurasa zenye mwandiko wake na tarehe zake, muandike kuwa yeye ndiye aliyebuni kipande hicho. Mpigieni simu wiki hii, kabla tovuti za timu hazijafungwa, maana zikishafungwa hakuna kurekebisha. Msomeeni mlichoandika, na mumuulize jina lake analiandikaje.