Kabati la Mvule Lisipotee Ukooni: Fanicha ya Marehemu Baada ya Matanga

Fanicha ya marehemu huibwa mara chache. Inapotea zaidi kwa kukosa mwenye dhamana. Matanga yanakwisha, ndugu wanarudi Arua, Mbarara na Jinja, nyumba inapata mpangaji, na mwaka ukipita hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba kabati lile lilikuwa la bibi. Kwa hiyo anzeni na daftari kabla hamjamwita seremala, tena familia ikiwa bado imekusanyika.

Mmoja aandike, mwingine apige picha. Kila kitu kipigwe mbele, mgongoni na ndani ya droo, kipimwe kwa sentimita, na alama zake zitajwe: ufa, herufi zilizochongwa, bawaba iliyobadilishwa. Andikeni namba kwa penseli mahali pasipoonekana. Kalamu ya wino hupenya kwenye mbao na haitoki. Hata kigoda kilichovunjika mguu kiingie kwenye orodha. Watu wazima wote watie sahihi, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji hapa Uganda, aombwe kushuhudia.

Kuorodhesha hakuna maana ya kugawana. Mali ya marehemu hugawiwa na msimamizi wa mirathi mwenye hati ya mahakama, na kwa kawaida familia hupitia kwanza ofisi ya Administrata Jenerali, afisa wa serikali anayeshughulikia mirathi, ili kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi. Mtu akibeba vitu kabla ya hapo anaweza kushtakiwa kwa kuingilia mirathi. Kuvihifadhi visinyeshewe wala kuibiwa kunaruhusiwa. Kama hakuna wasia, marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Urithi ya Uganda huwapa watoto na vizazi vyao asilimia 75, mjane au mume aliyefiwa 20, jamaa waliokuwa wakimtegemea marehemu 4, na mrithi wa kimila 1. Lakini nyumba aliyokuwa akiishi marehemu, pamoja na vyombo vilivyomo, ina ulinzi wake wa pekee kwa ajili ya mjane na watoto. Shemeji anayekuja na lori kuchukua kitanda mama angali anakilalia hana haki hiyo, hata akitaja mila. Kwa Waganda, alama anazokabidhiwa msika (mrithi wa kimila) siku ya kwabya olumbe, sherehe ya kuhitimisha msiba, ni jambo la heshima, nazo zisichanganywe na meza ya kulia.

Familia za Kiislamu, kama zile za Bombo na Kibuli, wengi hugawa kwa sharia. Hapo kumbukeni kwamba wasia hauvuki theluthi moja ya mali, wala haumpi mrithi mwenye fungu lake ila warithi wengine wakiridhia. Mzee anayetaka mwanawe apate sanduku lile afanye hiba angali hai, na amkabidhi kabisa. Maneno ya sebuleni peke yake huleta ugomvi.

Ukifika wakati wa kugawa, kila mrithi aandike kwa siri kitu kimoja anachokitaka kuliko vyote. Mara nyingi mtashangaa: shangazi anataka kigoda, na kabati kubwa linatakwa na mtu mmoja tu. Wakigongana wawili, waiteni maseremala wawili, kila mmoja akadirie thamani peke yake, mchukue wastani, na anayepewa awalipe wenzake fidia. Anayekadiria asiwe mnunuzi. Meza na viti vyake sita visitenganishwe. Viti viwili hapa na vinne kule huishia kuwa kuni.

Ushauri wetu ni kitu kiwe mali ya mtu mmoja, kwa sharti la maandishi kwamba kabla ya kukiuza atawaarifu ndugu na kuwapa siku 60 wakinunue kwa bei iliyokadiriwa. Kikiitwa mali ya ukoo mzima, hakuna anayetoa hela ya ukarabati, na kila mtu ana sauti ya kuzuia.

Kabla ya kugharimia ukarabati, jueni mbao ni ipi. Mvule mpya ni ya manjano kama dhahabu, kisha hukolea kuwa kahawia. Ni nzito, na moyo wake mchwa hawaupendi. Musizi ni nyepesi na laini, nayo mafundi huipaka rangi ifanane na mvule. Geuzeni droo mtazame upande usiopakwa. Kwenye mvule, tafuteni pia sehemu nyeupe ya pembeni mwa gogo, maana dumuzi, wadudu wanaotoboa mbao, huanzia huko. Tandikeni karatasi nyeusi chini ya vitundu kwa wiki tatu: ukidondoka unga mweupe mpya, wadudu wako hai, na dawa yenye permethrin iingizwe kwa sindano, tundu kwa tundu. Oili chafu ya injini na dizeli msitumie kabisa. Baada yake gundi haishiki tena, wala vanishi haikauki.

Kiungo kinacholegea ndicho kinachoharibiwa zaidi, kwa sababu fundi mwenye haraka hupiga msumari. Msumari hupasua ulimi wa kiungo, na kiti kikitikisika tena hakuna mbao iliyobaki ya kushika. Njia sahihi ni kukifungua. Gundi ya zamani ya ngozi hulainika kwa maji ya moto na kitambaa. Ikwangueni yote, maana gundi nyeupe haishiki juu ya gundi nyingine. Pakeni mpya, fungeni kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa vipande virefu, mwache saa 24. Fundi akiparuza mvule kwa msasa avae barakoa: vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. Randa yake nayo inaweza kukutana na vijiwe vya chokaa ndani ya mbao, na makali yakaharibika.

Msikubali kabati liparuzwe lote ili ling'ae. Dondosheni tone la spiriti mahali pa siri. Rangi ikinata baada ya dakika moja ni shelaki, vanishi inayoyeyuka kwa spiriti, na inarekebishika bila kuondolewa. Mara nyingi kitambaa kilichokamuliwa kwa maji yenye sabuni kidogo kinatosha, kisha nta: gramu 100 za nta ya nyuki ziyeyushwe katika sufuria iliyowekwa ndani ya maji ya moto, mzime moto, mtoke nje, ndipo mtie mililita 300 za tapentaini, kwa kuwa mvuke wake hushika moto. Pakeni nyembamba, subirini nusu saa, sugueni kwa pamba.

Siku ya kuhamisha, pimeni mlango na kona ya ukumbi kwanza. Droo zitoke, skrubu za kila sehemu ziingie kavera (mfuko wa plastiki) yake yenye namba, na kiti kishikwe kwenye fremu ya kukalia, kamwe si mgongoni. Kifikapo, kiacheni sentimita 10 kutoka ukutani ili njia za udongo za mchwa zionekane, na kisikae chini ya mabati yasiyo na silingi. Kabati lililokaa Entebbe karibu na ziwa likipelekwa Moroto hukauka na kusinyaa. Ufa ukifunguka kiangazi cha Januari, msiujaze gundi wala unga wa mbao; unyevu ukirudi mbao hutanuka, na kilichojazwa huurefusha ufa. Pimeni upana wake kiangazi na masika, mwaka mzima, ndipo mwite fundi.