Umeme Ukikatika: UPS, Printa na Betri

Nina steshenari Mbagala. Nimenunua UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, ya VA 650 (VA ni kipimo cha ukubwa wake). Umeme ukikatika kompyuta inabaki inawaka, ila nikichapa tu UPS inapiga mlio na kila kitu kinazima. Nimeuziwa mbovu?

Si mbovu. Printa yako bila shaka ni ya leza. Ndani yake kuna rola inayopashwa moto kufikia karibu nyuzi 200 za Selsiasi ili unga wa tona uyeyuke na kushika kwenye karatasi. Wakati wa kupasha inavuta umeme kama pasi, mara nyingi wati 500 na zaidi. UPS ya VA 650 kwa kawaida inabeba wati 360 hadi 390, na hapo kompyuta imeshachukua zake. Ikizidiwa inajizima ili isiungue.

Printa ya leza ichomeke ukutani. Kama UPS yako ina tundu lisilotumia betri, linalozuia tu mshtuko wa umeme, hapo pia panafaa. Kwa yule mteja anayetaka CV yake gizani, weka pembeni printa ya wino ya tanki: ikichapa haifiki wati 20, na UPS hiyohiyo inaimudu.

UPS yangu ina miaka mitatu. Zamani ilinipa robo saa, sasa hata dakika haifiki. Ninunue nyingine?

Badilisha betri kwanza. UPS ndogo nyingi zina betri ya risasi ya volti 12, Ah 7 hivi (Ah, yaani ampea-saa, ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), na miaka mitatu katika chumba chenye joto ndiyo umri wake. Hata ikiwa mpya, 12 mara 7 ni saa-wati 84 kwenye karatasi, yaani wati 84 kwa saa moja, na sehemu kubwa inapotea njiani. Kompyuta na skrini za wati 120 zitapata dakika 10 hadi 15: za kuhifadhi kazi na kuzima. Muuzaji anayekuahidi saa mbili anakuuzia maneno.

Fundi anataka kuunganisha betri ya gari kwenye UPS ili ikae zaidi. Nikubali?

Kataa. Chaja ya ndani ni ndogo, na UPS yenyewe imeundwa kwa kazi ya dakika chache. Ukiifanyisha kazi saa nzima inachemka. Betri ya gari nayo ni ya kupigia stata, ukiimaliza chaji kila siku inakufa mapema.

Anayetaka saa nyingi anunue inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) yenye wimbi laini, yaani umeme usio na mikatiko, na betri ya sola. Ya volti 12, Ah 100, ukitumia nusu tu unapata saa-wati 600, na kompyuta mpakato ya wati 50 inakwenda saa kumi hivi.

Nikiwasha jenereta, UPS inalialia tu.

Volti za jenereta ndogo hupanda na kushuka, UPS inauona umeme huo mbaya na kurudi kwenye betri. Toa friji kwenye jenereta hiyo uone. Na ikae nje, mbali na madirisha: moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Umeme ukirudi, niwashe papo hapo?

Subiri dakika tano. Friji za mtaa mzima zinawaka kwa pamoja na volti zinayumba. Kama karatasi ilikwama kwenye printa ya leza, usikimbilie kuingiza vidole; ile rola bado ni ya moto.