Mbao itacheza tu: kwa mafundi wapya wa mapambo ya ukutani

Vijana wangu wa Keko, kazi zenu kwa mbele zinapendeza. Ramani za Afrika, samaki, majina ya watoto, vipande vya mwembe vyenye kingo za asili, vyote vimepigwa msasa vizuri na vanishi inang'aa. Halafu nageuza kazi nione mgongo wake: papi mbili, vile vibao vyembamba vya kushikilia, zimekatiza mbao zote, gundi imejaa kutoka ncha hadi ncha, skrubu zimekazwa mpaka vichwa vimezama. Karakana baada ya karakana, mgongo ni ule ule. Nawaomba mnisikilize, hata kama mteja amewashikia simu anataka mzigo wake leo.

1. Mbao kavu ni kavu kwa hewa ya mahali fulani. Muuza mbao akikuapia kuwa "hii imekauka kabisa", mshukuru, kisha kata kipande ukipime kwenye mizani. Kiweke kivulini, ukipime tena wiki inayofuata. Uzito ukiwa bado unashuka, subiri. Ukigoma kushuka, mbao imelingana na hewa ya Dar es Salaam, na hiyo si hewa ya Dodoma, wala si ya ofisi yenye kiyoyozi kinachowaka tangu asubuhi. Mninga umetulia, ndiyo maana wazee waliupenda kwa milango na makabati. Paini ya Sao Hill na mwembe zinacheza zaidi, yaani hupungua na kutanuka zaidi. Na mwembe ubanduliwe gome, jamani. Najua gome linapendeza kwenye picha, lakini likishakauka linabanduka lenyewe, na bungua, wadudu watoboa mbao, hupenda kujificha chini yake.

2. Mbao hupungua upana, si urefu. Urefu unabadilika kidogo mno, usikusumbue. Upana ndio wenye kesi: kwa mbao nyingi zilizochanwa kawaida, unyevu wa mbao ukishuka pointi 4 za asilimia, karibu asilimia 1 ya upana inapotea. Ubao wenye upana wa mita moja umepoteza sentimita nzima, na unyevu ukirudi, sentimita ile nayo inarudi.

Hapa lazima niwaeleze ramani yangu ya Dodoma, maana kila nikiona papi zenu naiona ile. Ilikuwa Afrika ya paini yenye upana wa mita 1.2, mbao zimesimama wima, zimeunganishwa ubavu kwa ubavu. Nyuma niliweka papi mbili za kukatiza, gundi na skrubu, vilevile kama mnavyofanya. Nilikuwa najua kanuni ya upana. Nilijiambia kwamba gundi nzuri na skrubu nyingi zitaishika mbao isisogee. Kazi ikatundikwa ukumbini, kiangazi, chini ya kiyoyozi. Mteja akanipigia: "Fundi, Afrika imepasuka." Nilikwenda nikakuta ufa umeanzia Libya, umepita Chad na Kongo, umetokea Namibia, na ukutazama unaona rangi ya ukuta upande wa pili. Papi hazikupungua kwa sababu urefu wao haupungui, mbao za mbele zilitaka kupungua zikanyimwa nafasi, basi zikaachana pale palipokuwa dhaifu.

Kosa kubwa nililifanya baada ya hapo. Nilichanganya maranda na gundi, nikajaza ule ufa, nikapiga msasa, nikapaka vanishi juu, nikapokea asante ya mteja. Mvua za Dodoma zilipoanza, mbao zikanywa unyevu zikataka nafasi yao, nami nilikuwa nimeiziba. Ramani ikatuna katikati, skrubu za pembeni zikang'oka na vipande vya mbao, na kiungo cha jirani kikafunguka. Haikuwa na matengenezo tena. Nilirudisha fedha zote, na yule mzee aliyeniamini mara mbili hakunipa kazi ya tatu. Alikuwa na haki. Ufa wa kwanza ulikuwa umenieleza tatizo liko wapi, mimi nikaufunika.

3. Basi papi ifungwe hivi: skrubu ya katikati kwenye tundu la kawaida, isisogee. Skrubu za pembeni zipite kwenye matundu marefu, yaliyotobolewa kwenye papi kufuata upana wa kazi, zikiwa na washa, ile pete ya chuma chini ya kichwa cha skrubu, zikazwe kiasi cha kushika tu. Gundi ibaki kwenye viungo vya mbao kwa mbao. Kwenye papi usiweke hata tone, labda kidogo pale katikati. Mbao itajivuta na kujitanua pande zote mbili, na mteja hatajua.

4. Vanishi inachelewesha unyevu, haiuzuii. Kwa hiyo paka nyuma sawasawa na mbele, idadi ile ile ya mikono. Ukipaka mbele peke yake, nyuma itanywa na kukauka haraka kuliko mbele, na kazi itapinda. Ncha za mbao, pale nyuzi zilipokatwa, zinywesheni mara mbili, maana huko ndiko maji yanakopita mbio. Mtiki una mafuta yake: upangusie thina kwanza, kisha gundi au vanishi bila kukawia.

5. Mbao za jahazi zina chumvi na misumari. Pitisha sumaku kabla ya randa. Zioshe kwa maji baridi, zikauke upya, ndipo uzipake.

6. Kazi isigandamane na ukuta, hasa ukuta wa plasta mpya. Chana ubao kwa mshazari wa digrii 45, nusu moja ukutani, nusu nyingine mgongoni, zivaane. Hewa itapita nyuma. Ile nusu ya mgongoni nayo ikikatiza mbao, ipewe matundu marefu kama papi.

7. Vitambaa vya mafuta ya kitani msivikunje mkavitupa pembeni. Mafuta yale yakikauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe usiku, katikati ya maranda yenu. Vitandazeni nje kimoja kimoja, au vitumbukizeni kwenye ndoo ya maji kabla ya kufunga karakana.