Tipa likirudi rivasi saiti, nani yuko nyuma yake?

Miaka michache nyuma nilikuwa fomeni kwenye ghorofa moja hapa Dar es Salaam. Asubuhi moja tipa la kokoto likawa linarudi rivasi. Honi yake ya nyuma inalia, lakini mashine ya zege nayo inanguruma, hakuna aliyeisikia. Kibarua wangu alikuwa ameinama anapakia tofali. Mwenzake alimvuta kwa kola ya shati. Toroli lake lilibaki bapa chini ya tairi.

Dereva aliapa kwamba alitazama vioo vyote viwili. Nilipanda kwenye kiti chake, nikamwambia kijana mmoja asimame nyuma ya bodi. Sikumwona hata kofia. Kama wewe ni fomeni na hujawahi kukaa kwenye kile kiti, tafadhali panda leo.

Tangu siku ile, nikikabidhiwa saiti napanga njia ya magari kabla hata ya kushusha mchanga. Yaingie geti moja, yatokee jingine, rivasi isihitajike. Kiwanja kikiwa finyu, kama vile vya Kariakoo, gari liongozwe na mtu mmoja tu. Wakiwa watatu, kila mmoja na "njoo, njoo, kata kulia" yake, dereva atamfuata yupi? Huyo mmoja avae kizibao cha kung'aa na asimame pembeni, anapoonekana kwenye kioo. Dereva akimpoteza kwenye kioo, breki hapo hapo. Utingo kuongoza huku ananing'inia mlangoni sikubali kabisa.

Mwenye kazi akilalamikia gharama ya vizibao, mkumbushe kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inambana yeye mwajiri.

Njia ya miguu naitenga kwa mirunda, maana utepe watu wanauruka.

Halafu kuna saa nne, wakati wa chai. Mama ntilie alikuwa anakaa getini, kwa hiyo saiti nzima inavuka njia ya matipa kwa mkupuo. Mwanzoni nilifunga geti nusu saa, madereva wakanung'unika kwa haki, wanalipwa kwa tripu. Mwishowe nikamwomba mama ahamie ndani, upande wa mafundi, nikamwezekea bati mbili za kivuli. Sasa chapati zinaliwa na matipa yanaingia, hakuna anayevuka.