Siku ya 9 na vidonge, bado sioni nafuu

SWALI: Dada, nimeanza sertraline, dawa ya sonona (huzuni nzito isiyoisha), siku 9 sasa. Asubuhi kichefuchefu, mdomo mkavu, usiku nakodoa macho mpaka alfajiri, na wasiwasi umezidi kuliko kabla sijaanza. Niache tu?

JIBU: Pole sana mdogo wangu, usiache ghafla. Hapo ulipo ndo pagumu, maana maudhi ya dawa yanatangulia na nafuu inachelewa, mengi yanapungua ndani ya wiki 1 au 2 lakini moyo wenyewe kutulia ni wiki 2 mpaka 4, wengine hata 6. Meza kidonge ukishakula, na kama unameza usiku muulize daktari uhamie asubuhi. Pombe achana nayo. Mara nyingi anayeona mabadiliko kwanza ni mtu unayeishi naye, atakwambia mbona leo umemaliza sahani.

Ila hili nakuomba sana, mawazo ya kujidhuru yakikujia, na kwa walio chini ya miaka 25 hatari hiyo mwanzoni ni kubwa zaidi, usisubiri siku ya kliniki, mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali saa hiyohiyo.