Chakula cha samaki kilichokaa miaka miwili

Unauliza kama unaweza kuwapa samaki wako wa tangi chakula cha kopo lililofunguliwa miaka miwili iliyopita. Usiwape, mkuu. Kopo likishafunguliwa miaka miwili, hata kama vipande vinaonekana vizima, vitamini C imeshapotea na mafuta yaliyomo yamechacha. Samaki hawatakufa siku hiyohiyo, wanadhoofika polepole. Kibaya zaidi ni ukungu. Huku Mtwara na unyevunyevu huu wa bahari, kifuniko kikilegea kidogo tu chakula kinavuta maji, na baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu, ileile tunayoonywa kwenye mahindi na karanga. Inaharibu ini la samaki, na kuanika juani hakuiondoi.

Mimi nilishtushwa na harufu. Nilifungua kopo langu la zamani likanuka kama korosho za msimu wa juzi zilizosahaulika kwenye mfuko, vipande vyekundu vimefifia hadi rangi ya mchanga na vingine vimegandana. Guppy wangu, wale samaki wadogo wa mapambo, walivitia mdomoni wakavitema. (Samaki wana akili kuliko mimi niliyekuwa naona uchungu wa hela.)

Kama kopo halijafunguliwa na tarehe haijapita, hilo halina shida. Ukilifungua, limalize ndani ya miezi sita hivi. Chota cha wiki moja kwenye kikopo kidogo, kilichobaki kifunge barabara ukiweke kwenye friji. Ukikitoa, acha ubaridi uishe kwanza ndipo ufungue, la sivyo kinatoa jasho kwa ndani na ukungu unarudi palepale.